Dhambi ya Msasa

Nyuma ya nyumba nyingi za Uingereza, mashambani na mijini pia, yako mabanda ya mbao au ya mabati ambamo huwekwa vitu visivyotumika tena na ambavyo hakuna aliye na moyo wa kuvitupa. Mara kwa mara mzee mwenye nyumba hufa, warithi hufungua banda, na nyuma ya majembe na makopo ya rangi iliyokauka huonekana pikipiki kongwe iliyoegemezwa ukutani miaka hamsini au sitini iliyopita. Tairi zake zimepasuka, tangi lake limeshika kutu, buibui wametanda katika spoki za magurudumu. Mrithi huuliza kwanza bei yake ni kiasi gani. Akiisha kujibiwa hununua msasa. Maswali mengine yote, kama vile pikipiki hiyo ni ya namna gani, ilitengenezwa lini, ilikwenda wapi, na ni nani waliopata kuipanda, huahirishwa mpaka kazi iishe. Na kazi ikiisha, majibu ya maswali hayo yamekwisha kufagiliwa pamoja na unga wa rangi ya zamani.

Desturi hii ya kugeuza kikuukuu kuwa kipya husifiwa sana. Hutunukiwa vikombe katika maonyesho, na mwenye kuitenda huitwa mwokozi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mara nyingi mtu huyo ni mharibifu mwenye mikono ya ustadi, na kwamba madhara yake yapita yale ya kutu. Kutu hula chuma polepole na kuacha habari nyingi nyuma yake. Msasa hula habari kwanza, ukaacha chuma kitupu.

Wasomi wa lugha hawana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Lau mtu angeletewa hati ya zamani ya utenzi, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, yenye masahihisho ya mikono mitatu pambizoni na matundu ya mchwa katikati, naye akainakili upya kwa mwandiko mzuri, akijaza mapengo kwa maneno aliyoyapenda, kisha akaichoma ile ya kwanza, hapana chuo ambacho kingemwita mhariri. Angeitwa jina jingine. Lakini yule atendaye mambo hayo hayo kwa mashine hupigiwa makofi, kwa sababu watu hudhani kwamba chuma hakisomeki.

Chuma chasomeka, na mfano ulio bora ni ule wa pikipiki ya watu wa kawaida, kwa kuwa za fahari zina watetezi wengi. Kampuni ya BSA iliasisiwa mjini Birmingham mwaka 1861 na mafundi wa bunduki, na nembo yake ya bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja ilidumu hata baada ya kuanza kutengeneza baiskeli na pikipiki. Katika msimu wa 1937 kampuni ilileta sokoni pikipiki ya M20, iliyobuniwa na Val Page. Ilikuwa na silinda moja ya sentimita za ujazo 496, valvu zake zikiwa ubavuni mwa silinda, na nguvu ya farasi 13 tu. Ilikuwa nzito, ya mwendo wa taratibu, isiyo na la kumvutia kijana. Sifa yake ilikuwa uvumilivu. Vita vilipozuka mwaka 1939 jeshi la Uingereza lilitaka uvumilivu kuliko mbio, na hata vita vikaisha pikipiki zaidi ya 120,000 za aina hiyo zilikuwa zimepelekwa kwa majeshi. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 mabomu ya Wajerumani yalikiangukia kiwanda cha Small Heath na kuwaua wafanyakazi 53, kazi iliendelea. Kilichoshindwa kufanywa na mabomu kilifanywa na biashara mbaya: katika mwaka 1973 kampuni ilianguka na mabaki yake yakaunganishwa na kampuni nyingine, kisha sehemu kubwa ya kiwanda ikabomolewa. Kwa hiyo M20 iliyolala bandani ni shahidi wa mahali ambapo hapapo tena. Yastahili kuhojiwa kwa adabu.

Kuhoji huanza na herufi na namba. Kwenye shingo ya fremu, na tena kwenye gamba la injini chini ya silinda, kiwanda kiligonga namba zilizotanguliwa na herufi ya msimu: H kwa 1937, J kwa 1938, K kwa 1939, na W kwa 1940 na miaka ya vita iliyofuata. Baada ya hapo huja ushahidi mdogomdogo. Uma wa mbele ulioundwa kwa vyuma vilivyopangwa kama mihimili, wenye springi moja kubwa, wasema kwamba pikipiki haikutoka kiwandani baada ya miaka ya 1940. Uma wa mirija yenye mafuta wasema vingine. Magineto na dainamo za Lucas mara nyingi zina tarehe iliyogongwa juu yake. Kabureta ya Amal ina namba yake, nayo yatosha kuonyesha kama ndiyo iliyowekwa na kiwanda au iliokotwa baadaye kwenye pikipiki nyingine. Na pengine karibu na uma, ndani ya kikopo chenye kioo, imebaki ile karatasi ya duara ya kodi ya barabara, ambayo Waingereza waliibandika kwenye vyombo vyao tangu 1921 hadi 2014. Karatasi hiyo yaeleza mwaka wa mwisho ambao mwenye pikipiki alikuwa na nia ya kuipanda. Huchanika kwa kuguswa tu, na warithi wengi huitupa siku ya kwanza.

Hapo kwenye namba ndipo mwanafunzi wa juujuu hujikwaa. Wanunuzi wa vitu vya kale wameshikwa na imani kwamba pikipiki halisi lazima namba ya injini ifanane na ile ya fremu. Imani hiyo yaweza kuwa na maana kwa Triumph za miaka ya 1950, ambazo kiwanda chenyewe kilizigonga namba moja mahali pawili. Kwa M20 haina maana yoyote. BSA waligonga injini kwa mfululizo wake na fremu kwa mfululizo wake, na namba hizo mbili hazikukusudiwa kufanana. Zaidi ya hayo, karakana za jeshi zilipokea pikipiki zilizovunjika, zikafungua injini hii na kuifunga kwenye fremu ile, maana vita havina nafasi ya nasaba. Basi mtu afutaye namba kwa tupa na kugonga nyingine ili zilingane, amefanya makosa mawili kwa pigo moja. Amedanganya juu ya pikipiki, na uongo wenyewe ni wa kijinga, kwa kuwa ameibuni hali ambayo kiwanda hakikupata kuiunda. Mjuzi akiona namba zinazofanana kwenye M20 hufumba mfuko wake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Namba ni kurasa za kwanza tu. Kitabu chenyewe ni rangi. Pikipiki ya jeshi iliyotoka kiwandani mwanzoni mwa vita ilipakwa kijani cha kaki. Tangu 1942 jeshi lilihamia rangi ya hudhurungi, na tangu 1944 likahamia rangi ya zeituni. Vita vilipokwisha, serikali iliuza maelfu ya pikipiki hizo, na wafanyabiashara wakazipaka rangi nyeusi au nyekundu iliyoiva, wakang'arisha kidogo sehemu zilizoonekana, wakawauzia wafanyakazi ambao hawakuwa na uwezo wa kununua motokaa. Wengi walifunga kigari cha ubavuni, wakampakia mke na mtoto, wakaenda baharini siku za mapumziko. Kwa hiyo mtu akikwaruza kwa ukucha upande wa chini wa tangi, mahali pasipoonekana, aweza kukuta nyeusi, chini yake zeituni, chini yake hudhurungi, na chini kabisa kijani cha kaki. Na kama ana bahati, ataona ukingo wa herufi C, iliyotangulia namba ambazo jeshi liliziandika kwenye matangi ya pikipiki zake. Miaka ishirini ya historia ya taifa imekaa katika unene usiozidi ule wa ganda la yai.

Sasa na atazamwe fundi wa desturi iliyozoeleka. Hupeleka fremu na tangi kwa mwenye mtambo wa kupuliza mchanga, na kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai rangi zote hutoweka mpaka chuma cheupe. Kisha huchagua. Aweza kuifanya pikipiki kuwa askari wa 1941, kwa sababu askari wana soko, akaipachika mikoba ya turubai iliyonunuliwa wiki iliyopita na alama za kikosi ambacho pikipiki hiyo haikukijua. Yule mfanyakazi aliyempeleka mkewe baharini kwa miaka kumi na mitano amefutwa katika daftari, ingawa yeye ndiye aliyeipanda kwa muda mrefu kuliko askari yeyote, na ndiye aliyeihifadhi. Historia ya wakubwa imeshinda tena historia ya wadogo, na safari hii silaha yake ilikuwa mchanga.

Ubaya huu waweza kuonekana kuwa jambo la Waingereza wenyewe, wasilopaswa wengine kulijali. Na ajaribu mwenye kufikiri hivyo kutazama mikono ya usukani. Mapema mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya na Singapore, na Uingereza ikapoteza chimbuko lake kubwa la mpira. Matokeo yake yalifika mpaka kwenye viganja vya waendesha pikipiki: vishikio vya mpira vikaondolewa, vikawekwa vya turubai, na vikanyagio vikaachwa chuma kitupu. M20 iliyokutwa bandani ikiwa na vishikio vya turubai vilivyooza ina kumbukumbu ya kuanguka kwa Singapore. Lakini ina kumbukumbu nyingine pia. Kwa ajili ya upungufu huo huo, mashamba ya mpira ya Tanganyika yaliyokuwa yameachwa kuwa msitu yalifufuliwa, na serikali ya kikoloni ikatumia sheria za vita kuwalazimisha watu kwenda kufanya kazi katika mashamba yaliyohesabiwa kuwa ya lazima. Kipande cha turubai mjini Birmingham na mtu aliyetolewa kijijini kwake akachanje miti asiyoipanda, vyote viwili ni matokeo ya sababu moja. Fundi akaongoza mkono, akatupa turubai, akafunga vishikio vipya vya mpira kwa kuwa vyapendeza zaidi. Hakujua kwamba alikuwa na ushahidi mkononi, wala kwamba ushahidi huo haukuwa wa nchi yake peke yake.

Waingereza hawana udhuru wa kutojua, kwa kuwa mashindano haya ya hoja walikwisha kuwa nayo katika karne ya kumi na tisa juu ya makanisa yao. John Ruskin, katika kitabu chake cha taa saba za usanifu wa majengo cha mwaka 1849, alishikilia kwamba kulirudisha jengo la kale katika upya wake ni uharibifu unaofuatana na uongo. Mwaka 1877 William Morris na wenzake walianzisha chama cha kuyalinda majengo ya kale dhidi ya watengenezaji waliokuwa wakikwangua lipu za karne nyingi ili kuta zionekane safi, na kwa sababu hiyo chama kikabandikwa jina la utani la Wapinga Kukwangua. Shauri lao lilikuwa jepesi: ziba panapovuja, tegemeza panapoinama, lakini usijifanye kuwa wewe ndiye mjenzi wa kwanza. Leo Mwingereza aliyesoma haoni vigumu kulikubali shauri hilo akiwa kanisani. Akirudi nyumbani na kuingia bandani kwake, hulisahau mlangoni.

Wapinzani wa hoja hii wana majibu, na mengine si mepesi. Husema kwanza kwamba pikipiki iliumbwa itembee, na ile isiyotembea ni maiti. Neno hilo ni kweli nusu. Sauti ya silinda moja kubwa inayofoka taratibu ni sehemu ya ushahidi, na Waswahili wanaijua kweli hiyo, kwa kuwa neno pikipiki lenyewe laiga sauti ya chombo. Lakini kinachohitajika ili pikipiki itembee ni kichache kuliko fundi wa msasa anavyodai. Tairi mpya zahitajika, kwani za zamani zaua. Bitana za breki zahitajika, tena za zamani zina asbesto, na vumbi lake lisipulizwe wala kuvutwa puani. Waya za magineto husukwa upya, maana gundi iliyozikinga hulainika kwa uzee, na cheche hufa injini inapopata moto. Mafuta machafu hutolewa, mabomba huzibuliwa, na injini iliyokwama hulowekwa mafuta siku nyingi kabla ya kugeuzwa kwa mkono. Katika orodha hiyo yote hapana hata jambo moja linalodai tangi lipakwe rangi. Wako Waingereza wachache wenye busara ambao huzitunza mashine zao kwa kitambaa chenye mafuta tu, na pikipiki zao hutembea.

Husema pili kwamba kutu ni maradhi, na mgonjwa haachwi. Ni kweli, na kutu iliyotoboa uma au shingo ya fremu lazima iondolewe, kwa kuwa uhai wa mtu ni bora kuliko rangi yoyote. Lakini kutu ya juujuu kwenye kifuniko cha mnyororo huzuiwa isiendelee kwa mafuta au nta, na hapo hukaa kimya kama mvi. Daktari amkutaye mzee mwenye mvi hamnyoi ngozi.

Husema tatu kwamba mali ni ya mwenyewe, naye ana haki ya kuifanya apendavyo. Mbele ya sheria hapana wa kumzuia. Lakini mtu aliye na hati ya pekee nyumbani mwake ana haki pia ya kuwashia jiko, na haki hiyo haimwondolei lawama. Tena sheria yenyewe, katika jambo moja, imekuwa na hekima kuliko soko. Vibao vya namba vilianza Uingereza mwaka 1904, vikitolewa na mabaraza ya wilaya na miji. Orodha hizo zilipohamishiwa kwenye kompyuta ya Swansea, vyombo ambavyo wenyewe hawakuviandikisha hadi mwaka 1983 vilitoweka katika kumbukumbu, na pikipiki nyingi za mabandani ni miongoni mwa hivyo. Mwenye pikipiki aweza kuidai namba yake ya zamani akileta ushahidi, kama kile kitabu cha zamani cha usajili, na chombo kikikaguliwa na chama cha wajuzi. Akirudishiwa, haruhusiwi kuihamishia namba hiyo kwenye chombo kingine. Yaani sheria yakiri kwamba namba ni ya pikipiki, na mtu ni mlinzi wake tu. Laiti wenye msasa wangeifikisha kanuni hiyo mpaka kwenye rangi.

Jibu lao la nne hawalisemi kwa sauti, nalo ni fedha. Hudhani king'aacho ndicho chenye bei. Hata hapo wameanza kupitwa na wakati. Katika mwezi wa Aprili 2016, kwenye mnada wa Bonhams huko Stafford, ziliuzwa pikipiki nane za Brough Superior zilizokuwa zimelala zaidi ya miaka hamsini katika mabanda ya Bodmin, jimbo la Cornwall. Hizi ni zile za fahari, zilizotengenezwa na George Brough mjini Nottingham kati ya 1919 na 1940, yapata elfu tatu tu kwa jumla. Baadhi yao zilikuwa vipande vipande. Moja ya mwaka 1932, yenye injini ya silinda nne, ilinunuliwa kwa pauni 331,900 na kutu yake yote. Hata hivyo isichukuliwe kwamba hoja hii yategemea mnada. Soko lililoipandisha kutu leo laweza kuishusha kesho, na tayari wamepatikana mafundi wanaotengeneza kutu ya bandia. Ukweli wa pikipiki hautetewi kwa bei yake, kwa sababu M20 ya mfanyakazi, isiyofikia hata sehemu ndogo ya bei hiyo, ina ukweli ule ule.

Kwa haki, yafaa kukiri kwamba ziko pikipiki ambazo hazina kilichosalia cha kuhifadhiwa. Fremu iliyolala miaka arobaini katika majani, bila tangi wala rangi, ni kama karatasi iliyoliwa maandishi yote. Anayeijenga upya hakosei, na ustadi wa mpaka rangi na mwenye kuchovya nikeli ni sanaa inayostahili kurithishwa. Sharti lake ni moja, nalo ni kusema. Na aandike ni sehemu zipi alizozikuta na ni zipi alizozitengeneza, na maandishi hayo yaandamane na pikipiki kila inapouzwa. Ujenzi mpya uliotangazwa ni kazi ya halali. Uliofichwa ni kughushi.

Basi wajibu wa mwenye kufungua banda haufichiki. Kabla ya kuigusa pikipiki na aipige picha mahali ilipo, kwa kuwa hata mkao wake ukutani una maana. Na achekeche taka za sakafuni, apate nati na vibao vilivyoanguka. Na asome namba kwa maji ya sabuni na brashi laini, bila tupa. Na azitafute habari zake katika madaftari ya kiwanda yaliyosalia, na kwa wajuzi wa vyama kama kile cha pikipiki kongwe kilichoasisiwa Uingereza mwaka 1946. Na awaulize majirani wazee kabla hawajafa. Kila kilichobadilishwa kihifadhiwe katika sanduku chenye maandishi. Kisha, akiisha kuyafanya hayo yote, kama bado anautamani msasa, na autumie juu ya meza yake mwenyewe.

Maji yakimwagika hayazoleki. Injini iliyovunjika yaweza kuundwa tena, na mpira uliopasuka una mwingine dukani. Lakini ile rangi nyeusi ambayo mfanyakazi mmoja wa Birmingham alinunuliwa nayo uhuru wake wa Jumapili, na kijani cha kaki kilicho chini yake, havina duka. Aliyevikwangua alivikwangua kwa niaba ya wote waliokuwa na haki ya kuvisoma, wa Birmingham na wa Tanganyika, wala hakumwuliza hata mmoja.